Matokeo ya GCSE na A level: usahihishaji upya, rufaa au kurudia?

Alhamisi ya tarehe 21 Agosti 2025, siku ya matokeo ya GCSE (mtihani wa miaka 16 hapa Uingereza; A level ni wa miaka 18), simu ya kwanza iliingia saa mbili na nusu asubuhi. "Shoga, mtoto kapata 3 ya Hisabati. Nataka kukata rufaa. Naanza na nani?" Kufika adhuhuri walikuwa wameshapiga sita, na wote walikuja na neno hilohilo. (Madaraja ya GCSE ni 9 hadi 1: 9 ndilo la juu, na 4 ndilo la kufaulu.)

Mimi si mwalimu. Ni mama wa watoto watatu waliosoma hapa Uingereza, na matokeo ya wawili kati yao nimeyafukuzia mpaka mwisho. Tangu hapo wazazi wenzangu wamenigeuza ofisi. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayoyarudia kila Agosti kwenye simu, ili mwenye kuchagua achague akiwa ametulia.

Neno "rufaa" ndilo linalotupoteza. Sisi tukisema rufaa tunamaanisha lolote linalofanywa na mtu asiyeridhika. Kwenye mfumo wa hapa, rufaa ni ngazi ya mwisho, na huwezi kuipanda kabla hujapita za chini. Chini yake kuna kuomba nakala ya karatasi, kuhakiki hesabu ya alama na kuomba usahihishaji upitiwe upya. Pembeni kuna njia ambayo wazazi wengi hawaitaki kuisikia siku hiyo: kurudia mtihani. Kila moja inatibu maradhi yake. Ukinywa dawa ya mwenzio utalipa, utasubiri, na huku milango mingine itakuwa inafungwa mmoja mmoja.

Kabla ya yote: nani anaruhusiwa kuomba

Mzazi huwezi kuiandikia bodi ya mitihani. Iwe ni AQA, OCR, Pearson Edexcel au WJEC, wote wanafuata kanuni za pamoja za JCQ, baraza la pamoja la bodi za mitihani, na kanuni hizo zinasema ombi linatoka skuli. Mtu wako ni ofisa wa mitihani wa skuli. Tafuta jina lake na anwani yake ya barua pepe kabla ya Agosti, maana wiki ya matokeo nusu ya walimu wako likizo na simu ya mapokezi inalia bila kupokelewa.

Jambo la pili linawashangaza akina baba zaidi. Mwenye uamuzi ni mtoto. Kwa kuwa daraja linaweza kushuka, skuli haiwezi kupeleka ombi la kuhakiki wala la kupitia upya mpaka mtahiniwa mwenyewe akubali kwa maandishi, na ridhaa hiyo lazima itolewe baada ya matokeo kutoka. Saini ya baba haitoshi, hata kama ndiye anayelipa. Nimeona nyumba mbili zimegombana kwa hili. Kijana wa miaka 16 anayesema "mama, niache, nimechoka" ana haki hiyo kwenye karatasi.

Sasa, ukiongea na ofisa wa mitihani usianze na malalamiko. Omba namba. Karatasi ya matokeo anayopewa mtoto mara nyingi inaonyesha madaraja tu, lakini skuli ina alama zenyewe, karatasi kwa karatasi. Na mipaka ya madaraja, yaani alama ngapi zilihitajika kupata 4, ngapi kupata 5, bodi zinaichapisha mtandaoni siku ileile. Hapa tumebahatika kuliko nyumbani. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, unayafungua mtandaoni, unaona namba ya mtahiniwa ambayo jirani wote wanaijua, unaona C au D, basi. Kama hiyo D ilikuwa alama 44 au 31 hujui. Hapa unaweza kujua kwamba mwanao amekosa kwa alama mbili au kwa alama kumi na tisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Inafanya nini | Jibu linachukua muda gani | Gharama | Daraja laweza kushuka? |
|---|---|---|---|---|
| Nakala ya karatasi | Unaona majibu na namna yalivyosahihishwa | Hutegemea bodi; ya A level ina foleni ya haraka | Baadhi ya bodi hawatozi kitu | Hapana |
| Huduma namba 1 | Kuhakiki kurasa zote zimesahihishwa na jumla ni sahihi | Siku 10 | Ndogo kuliko zote za kulipia | Ndiyo |
| Huduma namba 2 | Msahihishaji mwingine anapitia usahihishaji | Siku 20. Ya haraka 15 | Kama pauni 40 hadi 60 na kitu kwa karatasi moja | Ndiyo |
| Kurudia Novemba | Hisabati na Kiingereza tu, GCSE | Januari | Aliye chuoni, miaka 16 hadi 18, kwa kawaida halipi | Hapana, la zamani linabaki |
| Rufaa | Kupinga jibu la huduma ya 1 au ya 2 | Wiki kadhaa | Pauni 100 na kuendelea | Soma chini |

Siku hizo ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Zinahesabiwa tangu bodi ipokee ombi, na ombi lililolala kwenye meza ya ofisa wa mitihani bado halijaanza kuhesabiwa.

Nakala ya karatasi: anza hapa, karibu kila mara

Kama kuna kitu kimoja ningemlazimisha kila mzazi akifanye, ni hiki. Omba nakala za karatasi za mtoto kabla ya kulipa chochote. Haina hatari. Daraja halishuki kwa kutazamwa. Na karatasi itakwambia ukweli ambao mtoto hawezi kukwambia, kwa sababu naye haujui.

Binti yangu wa pili alipata 3 ya Hisabati. Mtihani wa Hisabati wa GCSE una karatasi tatu, na kwenye bodi yake kila moja ina alama 80, jumla 240. Alikosa 4 kwa alama sita. Alikuwa ameapa kwamba karatasi ya pili "iliharibiwa" na msahihishaji. Zilipokuja nakala, picha za skani kwenye barua pepe, tulikaa mezani na mwalimu wake akiwa kwenye simu na mwongozo wa kusahihishia mkononi. Walimu wanaupata, lakini sisi wa kawaida ule wa mwaka huohuo tunafichwa kwa miezi kadhaa ili karatasi zitumike kwa majaribio darasani.

Tulichokiona kilinyamazisha meza. Kwenye swali la alama nne alikuwa amepata moja. Njia yake ilikuwa sahihi mpaka mstari wa tatu, kisha akakosea kuzidisha, na kutoka hapo akaendelea vizuri na ile namba mbovu. Mwalimu akasema pale angeweza kudai alama moja zaidi ya njia, pengine mbili. Vizuri. Lakini kwenye karatasi ya tatu kurasa mbili za mwisho zilikuwa nyeupe kabisa. Hakugusa. Muda ulimwishia, au moyo. Alama 11 zilikuwa zimelala pale bila mtu kuziibia. Hata tungeshinda kila kitu tulichokipigania, tungepata mbili, na tulihitaji sita.

Hatukuomba lolote. Tulimsajili Novemba. Pauni mia na hamsini hivi ambazo zingekwenda kwenye karatasi tatu zikalipa mwalimu wa jioni kwa wiki saba.

Huduma namba 1: inayodanganya kwa bei

Wazazi wanaipenda kwa sababu ni rahisi. Lakini tazama inachofanya: mtu wa bodi anakagua tu kama kila ukurasa umesahihishwa, kama kila alama imehesabiwa na kama jumla imeingizwa sawasawa. Hakuna anayesoma majibu. Na siku hizi karatasi nyingi zinasahihishwa kwenye kompyuta, swali moja moja, na jumla inapigwa na mashine. Makosa ya kujumlisha yaliyokuwa yakitokea zamani kwa kalamu nyekundu yamekuwa haba.

Inafaa kwa jambo moja. Kama mtoto alitumia karatasi za ziada, zile anazoomba kwa msimamizi pale nafasi inapomwishia, na unaona alama ya swali hilo ni ya ajabu kwa udogo, basi huenda ukurasa haukuonekana. Na hata hilo, nakala ya karatasi ingekuonyesha.

Huduma namba 2: hapa ndipo pesa na hatari zilipo

Watu wanaiita "kusahihisha tena". Siyo. Tangu Ofqual, msimamizi wa mitihani wa serikali, abadilishe kanuni mwaka 2016, anayepitia karatasi haruhusiwi kuisahihisha upya kana kwamba ni mpya. Anatazama alama aliyotoa mwenzake na kujiuliza: kuna msahihishaji mwenye akili timamu angeweza kutoa alama hii? Kama jibu ni ndiyo, alama inabaki, hata kama yeye mwenyewe angetoa zaidi. Inabadilishwa tu pale penye kosa.

Hili linageuza hesabu zako. Mwanao akiandika insha ya Historia ikapewa 9 kati ya 16, nawe unaona inastahili 11, huo ni ubishi wa ladha na hautakufikisha popote. Ikipewa 5 wakati mwongozo unaonyesha wazi kwamba insha yenye hoja mbili zilizofafanuliwa iko ngazi ya juu zaidi, hapo pana kosa.

Takwimu za Ofqual za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba kati ya madaraja yote yanayopingwa, yanayobadilika ni kama moja kati ya tano hadi robo, na mengi ya hayo yanapanda. Usiisome namba hiyo kama bahati nasibu ya watu wote. Wengi waliomo ndani yake tayari walichaguliwa na walimu wao kwa sababu walikuwa karibu na mpaka.

Kwa hiyo pima pande mbili. Aliyeko alama mbili chini ya 7 kwa kawaida yuko mbali na mpaka wa 6 ulio chini yake. Akipoteza alama tatu bado ana 6 yake. Huyo aombe, hana cha kupoteza ila ada, na daraja likibadilika ada inarudishwa. Aliyeingia 5 kwa alama moja tu na anataka 6 yuko kwenye ukingo wa paa. Jirani yangu alimsukuma mwanawe kwa namna hiyo. Mtoto alikuwa na 4 ya Hisabati, ya kukwaruza, na chuo kilikuwa kimeshamkubali. Mama akataka 5. Karatasi mbili zikapitiwa, alama tatu zikaondoka, likarudi 3. Halikurudishwa. Mtoto aliyekuwa amemaliza Hisabati maisha yake yote akarudi kukaa darasani Jumatano jioni.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa kwenye kundi la kwanza. Historia, alama mbili chini ya 7, na mwalimu wake ndiye aliyesema "swali la nne halijasomwa vizuri". Tuliomba karatasi moja tu, ile yenye swali hilo, si zote. Hili wengi hawalijui: unalipia karatasi, si somo, na unaweza kuchagua. Siku ya kumi na saba barua pepe ikaja. Alama tatu juu. Pauni zetu zilirudi Oktoba.

Ombi la kawaida linafungwa mwishoni mwa Septemba. Usijitulize na tarehe hiyo. Nitaeleza chini kwa nini.

Kurudia: njia yenye sifa mbaya isiyostahili

Kwetu, kurudia kuna aibu yake. "Karudia" inasemwa kwa sauti ya chini. Hapa mambo ni mengine kabisa kwa Hisabati na Kiingereza. Aliyemaliza miaka 16 bila kufikia 4 kwenye masomo hayo mawili, chuo kinatakiwa kuendelea kumfundisha. Tangu 2014 fedha ambazo serikali inakipa chuo zimefungwa na sharti hilo. Kwa hiyo darasa la marudio lipo tayari, limejaa, na hakuna anayemnyooshea mwenzie kidole.

Mtihani wa Novemba ni wa masomo hayo mawili peke yake. Mengine yote ya GCSE yanasubiri Mei na Juni. Matokeo ya Novemba yanatoka Januari, na daraja la zamani haliondoki: akipata dogo zaidi, anaonyesha lile kubwa. Ukilinganisha na huduma namba 2, ambayo unaweza kulipa na kushuka, kurudia ni bure kwa wengi na hakuna kushuka.

Kinachogharimu ni wakati na moyo. Mtoto anaanza masomo mapya Septemba huku anabeba ya zamani mgongoni. Aliyekosa kwa alama ishirini asidanganywe kwamba wiki nane zitatosha. Huyo apange Juni na asikimbizwe Novemba kwa ajili ya fahari ya mama.

A level: saa inakwenda mbio zaidi

Ukiwa na mtoto wa A level, mpangilio unageuka. Hapa simu ya kwanza haiendi kwa skuli. Inaenda chuo kikuu, saa mbili asubuhi, na anayeongea ni mtoto mwenyewe, kwa sababu chuo hakitazungumza nawe. Alikosa daraja moja? Aulize: bado mnanichukua? Vyuo vingi huwachukua waliokosa kidogo, na hapo ugomvi wote unakwisha kabla haujaanza.

Wakisema hapana, aulize kama watamshikia nafasi endapo ataomba kupitiwa upya. Tarehe ya kukumbuka ni 31 Agosti, mwisho wa kutimiza masharti ya chuo. Ndiyo maana kuna huduma namba 2 ya haraka, siku 15, ambayo inafungwa takriban wiki moja tu baada ya matokeo. Piga hesabu: matokeo Alhamisi ya katikati ya Agosti, ukiomba siku ya tano, jibu linaweza kuja Septemba tayari. Omba siku ya kwanza au ya pili. Nakala za karatasi za haraka zipo pia, lakini kwa A level yenye chuo kikuu mezani, mara nyingine inabidi kwenda na ushauri wa mwalimu bila kusubiri nakala. Hii ndiyo hali pekee ninayokubali kuruka hatua ya kwanza.

Na wakati huohuo mtoto aangalie nafasi zilizobaki za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu. Kufanya yote mawili si usaliti. Mpwa wangu alikaa siku nne akikataa kuangalia, "nitaipata ile yangu", na alipogeuka, kozi aliyoitaka kwenye chuo cha pili ilikuwa imejaa.

Kurudia A level ni mwaka mzima. Hakuna Novemba. Anakaa karatasi zote za somo hilo upya kiangazi kinachofuata, ingawa alama za kazi ya mradi anaweza kuzihamisha. Kwa anayelenga udaktari, na vyuo vya udaktari si vyote vinavyompokea aliyerudia, asome masharti ya kila chuo kabla ya kujisajili.

Rufaa yenyewe

Baada ya jibu la huduma namba 1 au 2 skuli ina siku 30 za kukata rufaa kwa bodi. Sababu ni mbili tu: kosa la usahihishaji halikurekebishwa, au utaratibu haukufuatwa. "Mtoto wangu ana akili" siyo sababu. "Mwalimu alimkadiria 8" siyo sababu. Mwalimu wa somo ndiye wa kuiandika, swali kwa swali, akitaja mwongozo wa kusahihishia. Bodi inaipitia kwanza kwenye karatasi. Usiporidhika unaweza kuomba kikao. Ikishindikana hapo kuna Ofqual, lakini wao wanatazama kama bodi ilifuata taratibu, hawasahihishi mtihani. Na karatasi ikifunguliwa tena, alama inaweza kwenda upande wowote.

Kwa miaka yote niliyokaa na simu hii masikioni, nimemwona mzazi mmoja tu aliyefika kwenye rufaa, na yeye alikuwa na mwalimu aliyekasirika kuliko yeye. Bila mwalimu wa namna hiyo, usiende.

Wengi wetu tulijengewa picha nyingine na mwaka 2020. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya Uviko, mashine ya hesabu ikashusha karibu asilimia 39 ya madaraja ya A level yaliyopendekezwa na walimu, watoto wakaandamana, na tarehe 17 Agosti, siku nne baada ya matokeo, serikali ikarudi nyuma. Watu wakajifunza kwamba ukipiga kelele daraja linapanda. Lakini mwaka ule hapakuwa na karatasi ya kutazama. Sasa ipo.

Skuli ikigoma, na mambo ya msiba

Skuli inaweza kukataa kupeleka ombi, au kukataa kulilipia. La pili ni haki yao, wengi watakwambia ulipe mwenyewe. La kwanza lina dawa: kila skuli lazima iwe na utaratibu wa maandishi wa kupinga uamuzi kama huo ndani ya skuli yenyewe. Uombe kwa jina hilo, kwa barua pepe, na wengi hulainika kabla hujafika kuutumia.

Kama mtoto aliugua siku ya mtihani au nyumba ilikuwa na msiba, hiyo siyo kazi ya Agosti. Skuli ilitakiwa kuomba aangaliwe kwa namna ya pekee wakati wa mitihani yenyewe, Mei au Juni, na hata ikikubaliwa nyongeza haizidi asilimia 5 ya alama. Mwaka alipofariki mama yangu Unguja nilisahau kuwaarifu skuli mpaka nilipokuwa njiani kurudi kutoka matangani. Bahati ofisa alinikumbusha yeye. Mwambie ofisa siku ileile, hata kwa ujumbe mfupi.

Wenzetu wa Nairobi, Mombasa, Dar na Muscat ambao watoto wao wanafanya mitihani ya Cambridge au ya kimataifa ya Pearson, ada na tarehe zenu ni nyingine, lakini mlango ni uleule: skuli ndiyo inayoomba, nakala ya karatasi inapatikana, kuhakiki na kupitia upya ni huduma mbili tofauti. Msikubali kuambiwa na mtu wa dukani kwamba "anajuana na Cambridge".

Tarehe inayowakamata wote

Usajili wa mtihani wa Novemba unafungwa mapema Oktoba, kwa kawaida tarehe 4. Ombi la huduma namba 2 linafungwa mwishoni mwa Septemba na jibu linachukua siku 20. Anayeomba siku ya mwisho atapata jibu wakati usajili wa Novemba umeshapita, na kama jibu ni "hakuna mabadiliko" atakuwa amepoteza vyote viwili. Peleka ombi Agosti. Na hata ukipeleka Agosti, msajili Novemba vilevile. Akipanda daraja, anajitoa.

Yule shoga wa saa mbili na nusu nilimwambia hayo. Alama za mwanawe zilikuwa 13 chini ya mpaka. Hakupenda, lakini alimsajili Novemba. Januari akanipigia tena. Ilikuwa 3 nyingine, safari hii alama mbili tu chini. Nilikuwa natafuta maneno ya kumpoza, akanikatiza.

"Shoga, hizo za Novemba nazo karatasi zake zinaombwa? Nimwandikie yuleyule ofisa?"